Chumba cha cherehani, mwezi wa nne wa ujenzi: nyufa za kwenye nguzo zimekoma

Siku 17 tangu nisiribe ukuta wa magharibi na leo asubuhi kabla jua halijatoka nimepita na tochi, nimeilaza ubavuni mwa ukuta ili mwanga utembee juu ya lipu, maana ukimulika kwa mbele ufa mwembamba huuoni, nikaenda nguzo moja moja kuanzia kona ya choo mpaka mlangoni. Hakuna kitu. Hakuna hata unywele. Nimekaa chini pale kwenye lundo la mchanga nikauangalia tu huo ukuta mpaka chai ikapoa.

Nilikofikia kwa ufupi: chumba ni cha miti na udongo, mita 3 kwa 4, msingi wa mawe umetoka juu ya ardhi sentimita 45, bati tulishapiga kabla ya kukandika ili udongo ukauke kivulini, nguzo za mkaratusi kila sentimita 60, fito za mianzi nimefunga kwa kamba ya katani, sijatumia misumari. Kukandika, yaani kujaza udongo kati ya fito, kulikwisha kuta zote nne. Kilichobaki kilikuwa kusiriba, yaani kupaka lipu ya udongo juu yake, na hapo ndo nimekwama miezi miwili mizima, huku vuli inakuja na huku Korogwe ikianza kunyesha huwa haiombi ruhusa.

Chumba chenyewe ni cha mama watoto, cha kushonea. Yeye alisema neno moja tu siku ya kwanza, kwamba vumbi lisidondoke kwenye vitambaa vya watu. Akishona gauni jeupe la sendoff halafu ukuta umwagie chenga nyekundu, hasara ni yake. Kwa hiyo ukuta wenye nyufa siwezi kuuacha hivo hivo nikasema utakaa sawa, maana ufa ndo unapoanzia kubanduka, na unapobanduka ndo chenga zinapotoka.

Sasa nyufa zilikuwa za aina mbili na mimi nilipoteza wiki tatu nikizitibu kama ugonjwa mmoja.

Za kwanza ni zile zinazosambaa kama utando wa buibui, kila mahali, fupi fupi. Hizo dawa yake nilishaipata. Udongo wetu huu mwekundu ukiuweka kwenye chupa na maji ukatikisa, mchanga unatua hapo hapo, ila maji yanabaki mekundu mpaka kesho yake na kesho kutwa, yaani ufinyanzi ni mwingi kupita kiasi, na ufinyanzi ukinywa maji unavimba ukikauka unasinyaa. Nikasiriba vipande vya majaribio ukubwa wa sinia, nikaviandikia namba kwa mkaa. Ndoo moja ya udongo kwa moja ya mchanga, ikapasuka vibaya. Moja kwa tatu haikupasuka ila ukipitisha kiganja unaondoka na unga. Moja kwa mbili pamoja na nusu ndoo ya majani makavu ya mpunga yaliyokatwa urefu wa kidole, hiyo ikatulia. Majani niliyafuata Mombo kwenye majaruba, baada ya mavuno wanayaacha tu, gunia sita nimebeba na bodaboda kwa safari mbili. Majani ya mpunga ndo nayoyapenda kuliko ya ngano au nyasi za kawaida, yana ukali fulani ukiyashika, hayaozi haraka, na yanashika udongo kama nywele.

Mchanganyiko naulaza siku kumi chini ya turubai mpaka unanuka. Ukinuka ndo umeiva, usiogope harufu, ikikauka inaondoka yote. Majani yanalainika, udongo unakuwa na utelezi kama wa mlenda na unanata kwenye mkono. Tofauti ya udongo uliolala na wa jana yake ni kubwa sana, aliyewahi kusiriba vyote viwili ananielewa.

Nyufa za pili ndo zilizonitesa. Za wima. Zimenyooka kama zimechorwa kwa rula, kutoka msingini mpaka juu kwenye mbao. Ukisiriba leo unalala ukuta uko safi, siku ya nne au ya tano unaamka unaikuta imesimama pale. Nikaongeza majani, ikarudi. Nikaongeza samadi ya ng'ombe, ukuta ukawa mzuri laini ila ufa ukarudi pale pale. Nikasema labda unakauka haraka, nikaning'iniza magunia mabichi siku sita nikiyamwagia maji asubuhi na jioni, ufa ukachelewa tu, ukaja siku ya tisa. Nikaloanisha ukuta kabla ya kusiriba, nikakwangua, nikasiriba upya nyembamba, nikasiriba upya nene. Ukuta ule ule nimeusiriba mara tano! Kila mara ni ndoo zaidi ya ishirini za tope na mgongo wangu, jioni natoka kazini nabadili nguo naingia kwenye tope mpaka giza. Kuna siku nilipiga ngumi ukuta nikaenda kulala bila kula.

Hapo katikati fundi mmoja wa hapa kwetu akanishawishi nipige lipu ya saruji juu, na wavu wa kuku, ati yaishe. Nilijaribu kipande cha mita moja nyuma ya nyumba kwa sababu nilikuwa nimechoka. Wiki tatu tu ukikigonga kinalia ngo ngo, kimeachia. Nimekibandua kwa kijiko na nyuma yake udongo ulikuwa na unyevu bado, umelainika, na kimetoka na nyama ya ukuta. Saruji ikikauka haichezi tena, udongo kila siku unacheza, unanywa unyevu usiku unautoa mchana. Ukiufunga kwa gamba gumu unauozesha humo ndani. Nawaomba wenye nyumba za miti na udongo msikubali hiyo kazi, mtalipa mara mbili.

Kilichonifumbua macho ni futi. Nilikuwa natafuta pa kuweka dirisha, nikapima kutoka kona nikakuta ufa wa kwanza uko sentimita 60. Wa pili 120. Wa tatu 180. Nikashusha futi nikasimama pale kama dakika nzima. Nyufa zote zimekaa juu ya nguzo! Miezi miwili nahangaika na mapishi ya udongo wakati udongo hauna kosa.

Kuna bibi jirani yetu, nyumba yake ya miti ina miaka mingi kuliko mimi, kila mwaka akimaliza kuvuna anaisiriba mwenyewe. Nikaenda. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaniitikia, nikamweleza, akaja na fimbo yake mpaka kwenye ukuta wa kusini ambao ulikuwa bado haujasiribwa, akapapasa nguzo moja kwa kiganja akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizi nguzo umezipiga randa?" Nikasema ndiyo bibi, nimezimenya magamba nikazilainisha. Akasema, "Sasa udongo ushike nini?" Akanionyesha nguzo za watu wa zamani, zimekatwakatwa kwa panga zina makovu kama magamba ya samaki, na juu yake wamezungushia kamba ya makumbi. Kisha akauliza miti nilikata lini. Mwezi mmoja kabla ya kujenga. Akatikisa kichwa tu.

Kwa hiyo mambo yalikuwa matatu yote yamekutana sehemu moja. Mkaratusi mbichi ulikuwa bado unasinyaa ndani ya ukuta. Mti ni laini, udongo haushiki, unaachana nao kimya kimya. Na juu ya nguzo lipu ina sentimita mbili wakati pembeni yake kuna udongo wa sentimita 15 unaovuta kwenda upande wake, sasa pale penye wembamba lazima papasuke. Ukiongeza majani hayafiki upande wa pili wa nguzo, urefu wa kidole hauwezi kuvuka mti wa sentimita kumi.

Nilichofanya: nimebandua lipu yote juu ya nguzo kwa upana wa mkono kila upande. Nguzo nimezipiga panga, makovu ya kuinamia juu ili tope likae, halafu nimezungushia kamba ya katani pale panapopitika kati ya fito, pasipopitika nimepiga vijiti. Penye mwanya kati ya mti na udongo nimetomea kwa vijiwe na tope zito. Nikaacha wiki mbili. Halafu gunia kuukuu la katani, la kusuka wazi wazi, nimelikata mikanda ya sentimita 40, nikalichovya kwenye uji wa udongo, uzito kama wa uji wa mgonjwa, nikalipaka juu ya nguzo kutoka chini mpaka juu, kila upande likalalia udongo sentimita 15. Unalisugua kwa kiganja mpaka uji unatokea upande wa juu kwenye matundu. Likiwa bado bichi unasiriba juu yake. Usingoje likauke, nilingoja kwenye nguzo ya kwanza likakunjamana ikabidi niloweshe upya.

Gunia la salfeti hili la plastiki usiliguse, udongo hauingii, nimejaribu. Katani inakunywa. Na sisi watu wa Tanga kukosa katani ni aibu, mkonge umefika pwani hii 1893, Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, kilimo cha mkonge cha huku kwetu chanzo chake ni ile 62. Nimeshika gunia kuukuu mkononi nawaza hivo na tope limenijaa hadi kwenye viwiko, nikajikuta nimefurahi.

Vifaa sasa, kwa sababu nimebadilisha mawazo. Mwiko wa chuma nimeuweka pembeni kwa udongo. Unavutia ufinyanzi juu, ukuta unang'aa siku hiyo halafu gamba la juu linapasuka peke yake. Tabaka la kwanza nasiriba kwa mkono mtupu, unasikia penye uwazi, penye jiwe, mwiko haukuambii hayo. Kunyoosha natumia kibao cha mbao laini, na kumalizia nimekata mfuniko wa ndoo ya plastiki umbo la nusu mwezi, unapinda na ukuta, huu ndo chombo bora kuliko vyote nilivyonunua na haukunigharimu chochote. Kuchanganya, sahau jembe. Tandaza turubai, mwaga, kanyaga, shika ncha mbili vuta upande wa pili tope lijigeuze lenyewe, kanyaga tena. Kazi ya saa nzima ya jembe inaisha kwa dakika ishirini. Watoto wakirudi shule nao wanaingia, wanakanyaga wakiimba.

Kuna watu wanapita njiani wananipa pole, wanadhani nimeishiwa hela ya tofali. Sichukii tena. Msikiti mkuu wa Djenné kule Mali ni wa udongo mtupu, huu uliopo ulijengwa 1907, na mji mzima unatoka kila mwaka kuusiriba, ile miti mnayoiona kwenye picha imechomoza ukutani ndo ngazi zao za kupandia siku hiyo. Bibi hapa anafanya jambo lile lile na ndoo moja. Hilo la kusiriba kila mwaka watu wanalitaja kama ubovu wa udongo, mimi naliona ni kama kupaka nyumba mafuta.

Mpango ulikuwa wiki hii nianze ukuta wa kusini halafu chokaa. Chokaa nimeiahirisha. Jumapili ilinyesha mvua ya dakika kumi tu, nikaona matone ya kwenye bati yakipiga ardhi yanaruka mpaka juu ya msingi, yameacha madoa mekundu kama sentimita 10 ndani ya lipu mpya ya nje. Sentimita 45 za msingi hazikutosha upande ule. Nikawa nafikiria mfereji, kokoto, halafu likanijia baraza. Zile baraza za nyumba za Pangani, za mawe, zimezunguka mbele ya nyumba, watu wanakaa jioni, kumbe zinaukinga ukuta chini! Nikiijenga kwa mawe na chokaa upande wa magharibi wote, upana sentimita 50, matone yataangukia jiwe lenye mteremko, na wateja wa mama watoto wanaokuja kupimwa watapata pa kukaa.

Nimeshamwambia. Ametoka na futi yake ya kushonea akapima urefu wa kukaa, akasema sentimita 42, zaidi ya hapo akina mama wafupi miguu itaning'inia. Mawe nimeagiza tripu moja ya kirikuu, yanakuja Ijumaa. Ukuta wa kusini utasubiri, nguzo zake angalau nimeshazipiga panga zote.