Nilivyomnyoosha Miku aliyeinama

Miku wangu, sanamu ndogo ya Hatsune Miku, mwimbaji wa kubuni wa Kijapani, nilimnunua Nakano, Tokyo, mwaka wangu wa mwisho wa masomo. Ukipanda treni ya haraka ya njia ya reli iitwayo Chūō, Nakano ni kituo kimoja tu kutoka Shinjuku. Pale kuna Nakano Broadway, jengo la mwaka 1966, lenye vijiduka vilivyosheheni sanamu za wahusika wa anime na michezo, zile Wajapani wanazoziita figyua. Boksi lake lilibandikwa karatasi yenye neno kaifu, yaani limeshafunguliwa, ndiyo maana bei ilishuka nikaimudu. Kampuni ya Crypton ya Sapporo, iliyomtoa Hatsune Miku mwaka 2007, ilimpa urefu wa sentimita 158. Wangu ni wa kipimo cha 1/8, kwa hiyo hafiki hata sentimita 20, lakini nywele zake mbili za rangi ya feruzi zinakaribia kugusa chini.

Niliporudi Mombasa nilimhifadhi ndani ya boksi, juu ya kabati, chini ya bati. Nikidhani namtunza. Baada ya mwaka nilimtoa akiwa ananata mwili mzima kama aliyepakwa asali, na ameinama mbele kabisa.

Nilisikitika sana. Kumbe sanamu hizi hutengenezwa kwa PVC, plastiki ngumu inayotiwa kemikali ya kuilainisha. Joto likizidi, kemikali hiyo hutoka juu ya ngozi ya sanamu, na ndani ya boksi lililofungwa haina pa kwenda. Joto hilohilo hulegeza vifundo, na mzigo wote wa nywele zile ulikuwa umeegemea kifundo kimoja chembamba cha mguu.

Kunata kulikuwa rahisi. Maji ya uvuguvugu, matone ya sabuni ya vyombo, mswaki laini, kisha kumkausha kivulini juu ya kitambaa cha pamba. Spiriti sikuigusa, kwa sababu macho yamechapwa kwa rangi nyembamba mno na yakifutika hayarudi.

Mguu ndio ulionitia hofu. Mama alinitazama nikizunguka na sufuria, akasema, "Mwanangu, beseni langu likipinda kwa uji wa moto, nalirudisha kwa moto uleule." Nikapata moyo. Nilimchomoa kwenye kitako chake cha kusimamia, nikachemsha maji, nikayaepua na kuyaacha yapoe kidogo, nikatumbukiza kifundo peke yake. Baada ya kama dakika mbili kililegea. Nikakisukuma nyuma polepole, kupita kidogo pale nilipotaka kisimame, maana plastiki hupenda kurudi ilikotoka. Kisha papo hapo kwenye bakuli la maji ya barafu, nikimshikilia bila kutikisika. Mara ya kwanza alirudi kuinama. Mara ya tatu akasimama wima, na nikakaa chini sakafuni nikimwangalia tu, moyo umetulia.

Sasa anakaa kwenye rafu ya wazi, mbali na dirisha, kwa kuwa jua hupausha rangi. Kidevuni nimemwekea kijiti chembamba cha plastiki angavu kinachobeba sehemu ya uzito. Mama humpangusa vumbi kwa brashi ya poda. Ukutani, nyuma ya utosi wake, nimetia alama ya penseli, nami huitazama kila Ijumaa. Tangu Agosti hajasogea.