Nilivyovuta maji Rau: kazi kubwa ilikuwa kwenye masale

Miaka mitatu tuliishi Rau, hapa Moshi, kwa maji ya kununua kwa jirani. Ndoo za lita 20, tano kwa siku, na siku ya kufua usihesabu. Mama alipoanza kulalamika mgongo nikasema basi, navuta maji yangu.

Ofisi ya mamlaka ya maji haikunisumbua. Fomu, nakala ya kitambulisho cha taifa, karatasi ya mauziano ya kiwanja na barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri wa mwenyekiti. Akaja mpimaji, akavuta futi kutoka bomba la barabarani hadi kwangu, akasimama katikati. "Hapa ni kwa nani?"

Hapo ni kihamba, yaani shamba la ukoo, cha mzee jirani. "Lete ridhaa yake ya maandishi, ndipo nikuandikie makadirio."

Tena bomba lilipaswa kukata mstari wa masale, ile mimea inayopandwa mpakani. Aliyekulia Uchagani anajua sale si jani tu. Ndio mpaka wenyewe. Kesi za babu zetu zimeamuliwa kwa hayo.

Nilikwenda jioni. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikaharibu kwa neno moja: nilisema naomba kupitisha mfereji. Kwa mzee, mfereji ni ule wa kumwagilia migomba unaotoka mlimani, wenye ukoo wake na zamu zake. Akakataa. "Mfereji ukishapita kwangu, kesho wajukuu zako watasema njia ni yao." Sikumlaumu, alikuwa analinda cha watoto wake.

Kuna fundi alinishauri niunge kwenye bomba la jirani, baada ya mita yake, tugawane bili. Nilikataa. Kujiunganishia bila kibali cha mamlaka ni kosa kisheria, na jirani yangu ndiye angekatiwa maji kwa ajili yangu.

Jumapili nilirudi kwa mzee na kipande cha bomba la nusu inchi mkononi. Alikigeuza, akachungulia ndani. "Ni haka tu?" Ni haka tu, na kanafukiwa siku hiyo hiyo. Tukaenda wote mpakani, akanionyesha kwa fimbo pengo kati ya masale mawili. Karatasi tuliiandika mbele ya mwenyekiti: bomba linapita, ardhi inabaki ya mzee, sale lising'olewe. Akaweka dole gumba. Nakala tatu, yake ya kwanza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Nilipewa namba ya malipo, nikalipa, mafundi wa mamlaka wakaja na mita. Unayetaka kuvuta maji, pata ridhaa kabla hujagusa hela yoyote. Na ujue mita ni mali ya mamlaka, usiisogeze. Lakini maji yakivuja kuanzia hapo kuja ndani, bili ni yako. Mimi kila mwisho wa wiki nafunga koki zote usiku, natoka na tochi kuangalia kile kinyota kidogo cha mita, kinachozunguka maji yakipita, kama kimesimama.