Nilivyoigawa volyumu ya Baba sehemu mbili

Baba husikiliza taarab baada ya isha, watu wa nyumba wakishalala. Sisi twakaa Kibokoni, Mombasa, ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, kwa hivyo sauti lazima iwe ya chini. Lakini hata ikiwa chini anataka kila pigo la tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, limfikie, na fidla isikike inapovutwa na inapoachwa. Raha hiyo mimi ndiye niliyemharibia, na ilinichukua karibu miezi minne kuirudisha.

Kaseti zake zilikuwa zimeanza kuliwa na ukungu. Nikazihamisha zote kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nikaipachika kigeuzi cha DAC, kinachozigeuza namba za kompyuta kuwa sauti, chenye chipu ya PCM5102, nikavuta waya hadi kwenye amplifaya yake ya miaka ya 1970, aliyoinunua alipokuwa akifanya kazi bandarini. Usiku wa kwanza niliiacha volyumu ya kompyuta juu kabisa, nikamwambia atumie nobu ya amplifaya kama siku zote. Akaigusa tu, sauti ikaruka. Akairudisha kidogo, spika ya kushoto ikanyamaza.

"Mwanangu, fidla hii mbona yasikika upande mmoja?"

Ndani ya volyumu ya stirio, yaani kile kifaa kilicho nyuma ya nobu, mna njia mbili za kaboni, ya kushoto na ya kulia, na nobu moja huzisukuma zote. Ukifika katikati hulingana vizuri. Mwanzoni, nobu inapofunguka kidogo tu, volyumu za kawaida hazilingani: upande mmoja umeshaanza kutoa sauti na mwingine bado umelala. Pale mwanzoni ndipo Baba alipokuwa akikaa kila usiku. Na hewa yetu ya chumvi nayo ilikuwa imeiingia ile kaboni, kila akizungusha yakwaruza.

Nikageuza mambo. Nobu nikaifungua yote, sauti nikaishusha kwa kompyuta. Pande mbili zikalingana barabara, maana kompyuta hugawanya namba tu, kushoto na kulia sawasawa. Ila sasa kukawa na mvumo, shaaa, usioisha hata wimbo ukisimama.

Hili lilinisumbua mpaka nilipoelewa mvumo unatoka wapi. Chukulia mtu anazungumza kando ya panka. Akishusha sauti yake, panka halipungui, linazidi kumfunika. Volyumu ya dijitali, yaani ya kompyuta, hufanya hivyo: hushusha muziki kabla haujaingia kwenye kigeuzi, na kelele ndogo ya kigeuzi chenyewe yabaki palepale, kisha amplifaya huvikuza vyote viwili. Volyumu ya analogi, yaani ile nobu, iko baada ya kigeuzi. Ni kama kuufunga mlango wa chumba alimo yule mtu na panka lake, wote wapungua pamoja. Tena kila desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoshusha kwa dijitali zakula biti moja, yaani tarakimu moja katika zile zinazoiandika sauti. Rekodi ya biti 16 ukiishusha desibeli 48, na kigeuzi kikapokea biti 16 tu, muziki umebakiwa na 8. Niliiweka programu itoe biti 24 na hali ikawa nafuu, lakini mvumo wa kigeuzi haukuondoka.

Kisha ukaja usiku ule wa stima. Ilikatika, ikarudi kama saa saba, kompyuta ikajiwasha na kusahau kiwango nilichoiwekea. Wimbo ukaanza asilimia mia moja na nobu iko wazi yote. Jirani aligonga ukuta, na Baba akakaa kitako kitandani mkono kifuani. Asubuhi yake niliichomoa amplifaya nikaipeleka kwa fundi wa redio Majengo.

Ami yule hakuifungua kwanza. Aliigeuza nyuma akanionyesha maandishi kando ya tundu la AUX, la kuingizia sauti kutoka nje: milivolti 150, yaani volti 0.15. Akaniuliza, "Na hiyo kompyuta yako yatoa ngapi?" Nikamwambia volti 2.1. "Basi wamimina ndoo kwenye kikombe cha kahawa."

Mambo yote yalikuwa hapo. Amplifaya nyingi za wakati ule zilijengwa kwa redio na kaseti, milivolti 150 zatosha kuifikisha nguvu yake yote. CD zilipoingia mwaka 1982 zilikuja na mazoea ya volti 2, na vigeuzi vya leo vimefuata. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, zaidi ya desibeli 20. Ndiyo maana nobu haikupata nafasi ya kutembea.

Tulitumia rezista nne, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, mbili kila upande. Ya kilo-ohmu 10 (kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa) imekaa njiani mwa sauti, ya kilo-ohmu 1 (kahawia, nyeusi, nyekundu) imetoka baada yake kushuka kwenye athi, waya wa ardhi. Sauti hutoka ikiwa sehemu moja ya kumi na moja, karibu desibeli 21 chini, na mvumo wa kigeuzi umeshuka pamoja nayo. Tulizilehemu kwenye kikopo cha bati nje ya amplifaya, zisiiguse kazi ya walioitengeneza.

Volyumu yenyewe tuliibadilisha. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa na chapa B50K, na sauti yote ikajaa kwenye robo ya kwanza ya mzunguko. B kwa nyingi zinazotoka Asia ni ile inayopanda mstari mmoja, na sikio la mtu halisikii hivyo. Nikarudi kuchukua A50K, inayopanda kwa kulifuata sikio.

Sasa nobu imesimama katikati, nimeitia nukta ya rangi ya kucha ya dadangu. Hapo pande mbili zalingana. Hicho ndicho kipimo cha juu cha nyumba, na chini yake Baba hutembea kwa rimoti, yaani kwa dijitali, si zaidi ya desibeli 20. Kwa biti 24 hiyo ni hasara ya biti tatu na kidogo, na rekodi za kaseti hazifiki huko hata siku moja. Wageni wakija, nobu hupandishwa kwa mkono.

Wiki iliyopita stima ilikatika tena katikati ya wimbo. Iliporudi, kompyuta ilianza juu kabisa kama desturi yake. Sauti ikatoka kama ya mtu anayezungumza sebuleni. Baba akaipunguza kwa rimoti, akajimiminia kahawa nyingine.