Nilivyounganisha kamera mbili za video na kompyuta kwa ajili ya picha za aura

Mimi ni mpiga video wa harusi hapa Tanga, Ngamiani. Nimeshika kamera tangu zama za kanda, na zile za zamani sijazitupa. Ndiyo maana mama mmoja wa mtaa wa pili, anayekanda watu misuli na kuwatengenezea mafuta ya mitishamba, aliporudi kutoka Uingereza kwa binti yake, alinifuata mimi. Nikamwamkia, akaitika, akakaa barazani, akafungua mkoba akatoa laptopu.

"Mwanangu, humu mna programu ya kuonyesha nuru ya mtu. Kule niliiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Hapa nikiiwasha inaniambia haina kamera. Nitafutie kamera."

Kwetu pwani jambo hilo halihitaji kufasiriwa. Tumekua tukisikia nyota ya fulani inang'aa, nyota ya fulani imefunikwa. Huko wanaiita aura. Mama alikuwa ameona mtu akikalishwa kwenye kigoda mbele ya ukuta mweupe, na kwenye kioo cha kompyuta mwili wake ukazungukwa na kijani, zambarau na manjano. Alitaka wateja wake nao wajione hivyo.

Kabla ya kununua hata waya mmoja nilitaka kujua programu hiyo inapata wapi rangi zake. Anayetaka kujaribu kazi hii na aanzie hapo, kwa sababu jina ni moja lakini mitambo ni mbalimbali. Upo ule wa Guy Coggins wa Marekani: mtu anaweka viganja juu ya vibao vya chuma vinavyopima umeme mdogo wa ngozi, kisha mtambo unageuza vipimo hivyo kuwa rangi na kuzitandaza juu ya picha yake. Hapo kamera inatoa sura tu, na kamera yoyote inatosha. Upo wa Harry Oldfield wa Uingereza, wa miaka ya 1980: hauna vibao vya mikono. Kamera ya video ndiyo kila kitu, na kompyuta inaugawa mwanga unaorudi kutoka mwilini na ukutani katika ngazi, kila ngazi ikapewa rangi yake. Watu huichanganya na kazi ya Semyon Kirlian ya mwaka 1939, lakini ile ni ya umeme wa volti kubwa na bamba la picha, haina video ndani yake. Programu ya mama ilikuwa ya aina ya pili. Maana yake, kosa lolote la kamera lingeonekana kwenye kioo kama rangi ya mtu.

Nilianza na Handycam yangu ya Sony ya kanda ndogo za DV. Ina tundu la FireWire, yaani la kupitishia video ya kidijitali moja kwa moja, ambalo ndilo njia safi kwa kamera ya aina hiyo, lakini laptopu ya mama haikuwa nalo. Ina tundu la USB pia, ila hilo kwenye kamera yangu lilikuwa la kuhamishia picha za mnato. Ikabaki njia ya waya za RCA, zile za vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu, na kile kidude cha kukapchia, yaani cha kuingizia video kwenye kompyuta, kinachouzwa bei nafuu Kariakoo. Vidude hivyo vinadanganya kwa sura zao: kasha ni lile lile, lakini ndani chipu zinatofautiana, na kila chipu inataka dreva yake, yaani programu ya kuifanya kompyuta iitambue. CD niliyopewa haikuwa ya chipu yangu. Nilifungua orodha ya vifaa ndani ya Windows, nikasoma namba ya utambulisho wa kifaa, nikatafuta dreva kwa namba ile. Siku nzima ikaishia hapo.

Kidude kilipokubali, kioo kikawa cheusi na spika zikawa zinanguruma. Nusura niamini kamera imekufa. Tatizo lilikuwa waya. Jeki ndogo inayoingia kwenye kamera ina pete nne, na watengenezaji hawazipangi pete hizo kwa mpango mmoja. Kwenye waya nilionunua, video ilikuwa inatokea kwenye kichwa chekundu badala ya cha njano. Nikachomeka chekundu kwenye tundu la njano, picha ikaja. Lakini ikaja bila rangi na inapanda juu kama pazia linalovutwa, kwa sababu kidude kilikuwa kimesetiwa NTSC, mfumo wa video wa Marekani, na kamera zetu ni za mfumo wa PAL: mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Nikabadilisha, picha ikatulia na rangi zikarudi.

Jambo moja zaidi kuhusu kamera za kanda: toa kanda. Kanda ikiwa ndani, kamera inajizima yenyewe ukiiacha dakika chache bila kurekodi. Ukishaitoa, ingia kwenye menyu uzime onyesho la dukani, la sivyo baada ya dakika kumi hivi maandishi ya matangazo yataanza kupita juu ya uso wa mteja.

Kamera ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Hiyo ina HDMI, tundu lile la televisheni za siku hizi, na kapcha kadi ya HDMI (kidude cha kukapchia cha aina hiyo) ya siku hizi haidai dreva. Kompyuta inaiona kama kamera ya kawaida. Nilichopaswa kufanya ni kuondoa maandishi ya betri na saa yasitoke kwenye HDMI. Lakini hapo ndipo nilipoanza kuona madoa ya miraba midogo yenye rangi kuzunguka mabega ya mdogo wangu, niliyemkalisha kwenye kigoda kwa majaribio. Nilipiga hesabu. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, mara 30 kwa sekunde, bila kubanwa, ni kama megabaiti 124 kila sekunde. USB 2.0 hata kwa nadharia haivuki 60. Kwa hiyo kadi inaibana kila picha kwa JPEG, njia ya kupunguza ukubwa wa picha, na JPEG inafanya kazi kwa vipande vya nukta 8 kwa 8. Jicho letu halivioni vipande hivyo, lakini programu inayotofautisha ngazi za mwanga inaviona na kuvipaka rangi. Nilishusha hadi 720 kwa 576 isiyobanwa, kama megabaiti 21 kwa sekunde, na miraba ikatoweka. Mtu aliyekaa kimya kwenye kigoda hahitaji zaidi ya hapo.

Ukabaki utepe mwembamba uliomzunguka kichwani na mabegani, mzuri kweli wa kutazama. Mama alifurahi alipouona. Mimi sikuridhika, kwa sababu ulikuwa na upana ule ule kila mahali, hata kwenye ukingo wa kigoda. Kwenye menyu ya kamera nilikuta kipimo cha ukali wa picha. Kamera hunoa picha kwa kuongeza mstari mweupe na mweusi pembezoni mwa kila kitu, ili macho yaone mipaka vizuri. Nikashusha kipimo hadi mwisho, utepe ukapungua zaidi ya nusu. Nilimweleza mama kwa nini. Alisikitika kidogo, akasema ni sawa, endelea.

Kilichonichukua wiki mbili ni mwanga. Mama alipita nyuma ya kigoda na buibui lake jeusi, na mdogo wangu, bila kutikisika, akabadilika kutoka kijani kuwa manjano mwili mzima. Kamera ilikuwa kwenye otomatiki: imeona weusi mwingi, ikafungua jicho zaidi, ngazi zote zikapanda. Toka siku hiyo nilizima kila kitu kinachojiamulia. Mwanga niliupima kwa mkono na kuufunga, fokasi nikaifunga, na waiti balansi, yaani kuifundisha kamera weupe halisi ni upi, nikaiseti juu ya shuka jeupe lililotundikwa mahali pa kigoda. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, niliiweka 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa zinapepea mara 100 kwa sekunde. Ukiiweka kwenye kasi isiyolingana na umeme unapata mistari inayotambaa ukutani, na programu inaipaka rangi kama mawimbi. Madirisha nikayafunga, maana wingu likipita juu ya Tanga rangi za mteja zinapita nalo. Nikatumia taa zangu mbili za harusi zenye vitambaa vya kulainisha mwanga, globu zote za aina moja, umbali sawa kulia na kushoto. Sakafuni nikabandika solotepu kuonyesha miguu ya kigoda inakaa wapi.

Mama alitaka kamera zote mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Nilipozichomeka kwenye habu moja ya USB, kile kigawanyio cha tundu moja kuwa mengi, ya pili iligoma kuwaka. Zile megabaiti 21 mara mbili zilikuwa nyingi kwa tundu moja. Nikatenganisha, moja tundu la kushoto na moja la kulia, zikawaka. Halafu programu ya mama yenyewe inapokea kamera moja tu. Hapo OBS iliniokoa: ni programu ya bure ya kuchanganya picha za kamera, na tangu toleo la 26 la mwaka 2020 ina kamera bandia ndani yake. Niliweka turubai, yaani eneo la kupangia picha, ya nukta 1440 kwa 576, kamera mbili bega kwa bega, nikawasha kamera bandia, programu ya mama ikaiona kama kamera moja. Angalizo: washa OBS kwanza, na hakikisha Zoom imefungwa, kwa sababu programu ikishaishika kamera, nyingine hukuta mlango umefungwa. Picha ya Handycam ilikuja na michirizi kama meno ya kitana kila mtu anapojitikisa, kwa kuwa kamera hizo huchora mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu. OBS ina sehemu ya kuondoa hilo, ukibofya kulia juu ya chanzo cha picha.

Jioni moja, kila kitu kikiwa kimetulia, nilichukua mtungi wa mama wa maji, mtupu, nikauweka juu ya kigoda. Ukapata aura. Kijani kibichi tumboni, zambarau shingoni, na ukungu wa manjano kuuzunguka. Nilimwita aone, kwa sababu nisingeweza kulala na jambo hilo peke yangu.

Alitazama muda mrefu. "Kama mtungi nao una rangi," akasema, "mimi mgonjwa nitamwambia nini?"

Nilimwambia ninachokijua kwa ufundi wangu. Rangi hizi ni ngazi za mwanga uliogonga kitu ukarudi kwenye kamera. Zinafuata umbo, ngozi, nguo, kivuli na ukuta. Sijaona ushahidi wa kitabibu kwamba zinaonyesha ugonjwa, na nisingependa mtu mwenye uvimbe aangalie kijani kizuri kwenye kioo akaacha kwenda hospitali ya Bombo. Nilisema hivyo kwa heshima, maana ni mama yangu kwa umri, na pesa za laptopu alikuwa ameshazitoa.

Hakukasirika. Alisema watu wanaokuja kwake wengi hawajawahi kukaa robo saa wakitazamwa kwa utulivu na mtu yeyote, na kwamba picha hiyo inawafanya wakae, wapumue, waseme kinachowasumbua. Hilo nimeliona mwenyewe na naliamini. Tukakubaliana mambo mawili: picha haitatumika kumwambia mtu ana maradhi au hana, na kila mteja ataonyeshwa kwanza picha ya mtungi.

Kwa hiyo mtungi ukawa sehemu ya mtambo. Kila asubuhi unawekwa kwenye alama za solotepu, na rangi zake zinalinganishwa na picha tuliyoichapisha na kuibandika ukutani. Zikilingana, kamera ziko sawa. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku na betri ya Handycam ikaisha. Mimi nilikuwa Pangani kwenye harusi. Saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, mtungi leo una wekundu usio wake upande wa kulia."

"Ni ile kamera ya ubavuni, mama. Imekosa umeme, imesahau waiti balansi. Chukua lile shuka."

Alilichukua, akalitundika, akabonyeza mwenyewe.