Dakika za baiskeli zinalipwa kwenye mbio, tena kwa riba

Watu wakisikia Ironman, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa siku moja, swali la kwanza ni lilelile, hivi unaogeleaje kilomita 3.8 baharini, na nawaelewa kwa sababu maji yanatisha, ila kusema ukweli maji ndo sehemu fupi kuliko zote, muogeleaji wa kawaida kabisa anatoka ndani ya saa moja na nusu hivi, halafu hapo ndo anakutana na baiskeli kilomita 180 na akishuka anakimbia marathoni nzima, 42.2. Kwa hiyo leo naongelea pesi tu, yaani kugawa nguvu zako zifike mpaka mwisho. Mambo ya baiskeli gani ununue tutagombana siku nyingine.

Hesabu kwanza. Kilomita 180 kwa spidi ya 30 kwa saa ni masaa 6 kamili. Ukijikaza ukaenda 32 unamaliza kwa masaa 5 na dakika 37, umeokoa dakika 22 na ushee, unajiona mjanja. Haya shuka ukimbie. Marathoni kwa dakika 6 kila kilomita inaisha kwa masaa 4 na dakika 13, lakini miguu ikishakufa ukawa unatembea unakimbia kwa wastani wa dakika 8, ni masaa 5 na dakika 38. Umetoa saa 1 na dakika 25 kulipia dakika 22! Na hizo kilomita 2 za ziada kwa saa wala si ndogo kama zinavyosikika, maana nguvu ya kuupasua upepo inapanda kwa mchemraba wa spidi (spidi mara spidi mara spidi), yaani hapo kwenye tambarare unadaiwa karibu asilimia 20 zaidi, na unadaiwa hivyo masaa yote hayo.

Sa mwili wenyewe ni kama mita ya LUKU. Sukari uliyonayo kwenye misuli na ini ni kalori kama 1,600 mpaka 2,000 hivi, na siku nzima ya Ironman inaweza kula 8,000 na zaidi. Ukienda taratibu sehemu kubwa inatoka kwenye mafuta ya mwili, na hayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha. Ukikaza ndo umewasha pasi, AC na jiko kwa mpigo, yuniti zinaondoka huku unaziangalia.

Wenye pawa mita, kile kifaa cha baiskeli kinachopima nguvu unayokanyagia, wanasemaga ushike asilimia 65 mpaka 75 ya ile nguvu unayoweza kuishikilia saa moja ukijitoa wote. Kama huna (na bei zake wadau tunazijua) basi tumia mdomo, uwe unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, kila wakati, hata kwenye mlima. Hasa kwenye mlima kwa kweli, maana hapo ndo kila mtu anainuka kwenye siti na kutoa mbavu ili asipitwe na mzee mwenye kitambi. Mwache mzee aende. Utakutana naye kwenye mbio, au hutakutana naye kabisa kwa sababu yeye anajua pesi kuliko wewe.

Kwa sisi wa Dar shule bora ya hili somo ni barabara ya Bagamoyo wakati wa kusi. Ukitoka Bunju alfajiri upepo bado mdogo, na huo kidogo uliopo unakusukuma mgongoni, unapita Mapinga, Kerege, Zinga unaona spidi tamu kwenye saa na unaanza kuamini umezaliwa na kipaji. Halafu unageuza. Jua limepanda, upepo umeamka, na sasa unakupiga usoni mpaka nyumbani, na bodaboda kapakia magunia mawili na mama na mtoto anakupita anakupungia mkono. Hapo ndo unaelewa kwamba spidi haikwambii kitu, angalia juhudi. Juhudi ileile kwenda na kurudi, spidi ijipange yenyewe. Kule Hawaii kwenye mji unaoitwa Kona, maarufu kwa Ironman, nao wana upepo wao, unaitwa mumuku, unapiga ubavuni ukikaribia Hawi ambako baiskeli zinageuzia, na barabara imepita katikati ya mawe meusi ya volkano ambayo hayana kivuli hata cha kujificha kuku.

Na msidhani hii ni shida ya sisi wa mwisho mwisho tu. Kona Oktoba 2025 kwenye mashindano ya dunia ya wanawake, Lucy Charles-Barclay wa Uingereza na Taylor Knibb wa Marekani walikuwa mbele, na hawa ni watu wenye makocha, wenye wanasayansi, wenye kila kitu. Joto likamtoa Lucy katikati ya marathoni. Knibb akabaki anaongoza, zimebaki kilomita chache tu aibebe, mwili ukagoma akasimama na hakumaliza. Aliyeshinda ni Solveig Løvseth kutoka Norway. Mi naiangalia ile mbio mara kwa mara kwa sababu inakuonyesha kwamba kwenye joto hakuna cheo, damu inayotakiwa miguuni inaenda kwenye ngozi kupoza mwili, mapigo yanapanda wakati kasi ni ileile, na ukilazimisha kasi ya siku ya baridi mwili unafunga duka.

Ndo maana mazoezi ya Dar ni mtaji kama unaenda sehemu ya joto. Wiki mbili hivi za kufanya mazoezi juani zinatosha mwili kuanza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Ila chumvi inatoka nayo, na kunywa maji matupu masaa kumi ni hatari ya kweli, chumvi kwenye damu inashuka mtu anavimba vidole, anachanganyikiwa, wengine wamefia humo. Madafu matamu sana lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hayatoshi peke yake.

Kinywaji changu hakina siri. Sukari ya kawaida ya dukani vijiko vitano vya mezani vya kufuta, hiyo ni kama gramu 60, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu, maji ya chupa moja ya baiskeli. Hiyo ni ya saa moja, maji mengine matupu pembeni. Sukari ya mezani nusu glukozi nusu fruktozi, na utumbo unazifyonza kwa njia mbili tofauti, ndo maana watu wanafika gramu 90 kwa saa kwa mchanganyiko kama huo. Jeli za kununua zinafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya kuku. Juu yake ndizi, ya wastani ina kama gramu 25 za wanga, na tende. Muhimu tumbo nalo lifundishwe, anza na gramu 40 kwenye safari zako ndefu upandishe taratibu, usiende kujaribu 90 siku ya mashindano halafu ukatafuta kichaka.

Mazoezi yenyewe, asilimia kubwa ni taratibu, inachosha akili kuliko miguu. Kuogelea Msasani au Kigamboni angalia ratiba ya maji kwanza, maji yakikupwa utatembea juu ya mawe na urijojo, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Na kila wiki, ukishuka baiskeli ya masaa mengi vaa raba papo hapo ukimbie dakika 20 tu, miguu itakuwa migumu kama si yako, na utashangaa unakimbia kasi mno bila kujua kwa sababu umetoka kwenye spidi ya baiskeli. Siku yenyewe kilomita 3 za kwanza jizuie makusudi. Kila kituo cha maji tembea, kunywa, barafu ndani ya kofia, endelea. Mbio nyingi zinaanza saa moja asubuhi na ukomo ni kama masaa 17, yaani saa sita usiku, muda upo. Kilomita ya 30 ukiwa bado unakimbia, hata dakika 7 kila kilomita, utakuwa unawapita wale wa spidi 32 mmoja mmoja, wasalimie.