Kwanza Useme Unakaa Wapi

Baba hamuuzii mtu kitanda kabla hajamuuliza anakaa wapi. Kisauni au Likoni? Chini au ghorofani? Sakafu yapigwa deki kwa maji mengi? Wateja wapya hudhani anawapima mifuko, kumbe anawachagulia mbao. Hewa yetu ya Mombasa ina chumvi na unyevu. Skrubu ya chuma huliwa na kutu, na kabati la unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi hunywa maji ya deki kuanzia miguuni, likavimba hadi milango ikakataa kufunga. Kwa hiyo anayekaa chini karibu na bahari huonyeshwa mvule au mbambakofi. Wa ghorofani ambaye hana pesa nyingi huambiwa wazi kwamba saiprasi iliyokauka vizuri itamtosha, ingawa mvule ungeliletea duka faida zaidi. Nimekua nikiyasikia maswali hayo na bado nayapenda.

Duka liko Mwembe Tayari. Alilianza babu, fundi wa kukereza matendegu, yaani miguu, ya samadari, vile vitanda vyetu vya jadi vya Pwani, tangu ujana wake. Enzi hizo majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi yalitia nanga Bandari ya Kale yakiwa na mazulia, tende na masanduku ya njumu kutoka Ghuba na Bara Hindi, kisha yakangoja upepo wa kusi yarudi na boriti. Babu alinunua masanduku yaliyoumia safarini, akabadilisha bawaba, akarudishia misumari ya shaba iliyong'oka, akayauza. Ndivyo fundi alivyogeuka mfanyabiashara. Hadi leo kuna nyumba Kibokoni zenye masanduku aliyoyafufua, na wenyewe hupita kumwambia Baba kwamba bado yanafunga.

Baba alirithi duka, ami akarithi keezo, yaani mashine ya kukerezea, na patasi, mimi nikapewa daftari. Kila kilichouzwa kimeandikwa humo: mbao gani, nani alikitengeneza, arbuni kiasi gani, kimepelekwa mtaa gani. Anayeshindwa kumaliza deni kabla ya harusi hupewa kitanda chake na salio likaandikwa, maana Baba huona aibu ndoa ianze bila kitanda.

Kuna mama mmoja wa Majengo aliyetuletea samadari kwa mkokoteni. Ilikuwa ya nyanya yake, tendegu moja limeliwa na mchwa, naye alitaka tuinunue kwa bei ya mbao tu ili apate nafasi chumbani. Ami aliigeuza, akakuta chini ya kitakizo cha mchagoni, yaani ubao wa upande wa kichwani, alama ya babu, duara yenye mstari katikati, iliyochomwa kwa chuma cha moto.

"Mama, hii ni kazi yetu," akamwambia. "Hatuinunui. Tutaitengeneza."

"Kwa pesa ngapi, mwanangu?"

"Utalipa mbao ya tendegu. Ufundi alishalipa nyanya yako."

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu babu aliunganisha kwa tundu na ulimi wa mbao unaoingia humo, bila gundi wala msumari. Mifumbati, yaani mbao za ubavuni, ilichomolewa, tendegu bovu likatoka, jipya likakerezwa kwa kufuata wenzake na kuingia mahali pake. Ingekuwa ni kitanda cha skrubu na mbao za kubandikwa karatasi, ami asingekuwa na pa kuanzia. Hilo nitalitetea mbele ya yeyote: kwetu aliyekuuzia yupo, na alichokuuzia kinatengenezeka.

Si kwamba mambo ni mepesi. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, saiprasi iliadimika na bei ikapanda. Ndipo kaka yangu alipoanza kusema tuuze seti za kontena, zile zinazoletwa kutoka nje zikiwa tayari. Walibishana na Baba sana, hata mbele ya chakula. Kaka ana hoja, na mimi siwezi kuikataa: kijana anayeoa anataka seti leo, hataki kungoja fundi, na kodi ya duka nayo haingoji. Mwishowe tuliafikiana sofa za kontena ziwekwe upande mmoja, vitanda vibaki vyetu. Baba akaongeza sharti kwamba mteja yeyote akirudi na kitu kilichovunjika, hata kama ni cha kontena, asiambiwe hicho hatukitengenezi.

Sasa nina ombi kwa wasomaji wa Mombasa. Kama nyumbani kwenu kuna samadari ya zamani, iinamieni mtazame chini ya kitakizo cha mchagoni. Mkiona ile duara na mstari wake, nitumieni picha. Nataka kuandika orodha ya kazi za babu wakati ami bado yupo karakanani, kwa kuwa ni yeye pekee anayeweza kuutofautisha mkono wa babu na wa mafundi aliowafundisha.