Nilivyoona sekunde 0.084 kutoka juu ya Rocher

Treni ya asubuhi kutoka Nice ilijaa pomoni. Nilisimama mlangoni, begi nimelikumbatia kifuani, bahari ikipita upande wa kulia: Villefranche, Beaulieu, Èze. Nusu saa haikuisha tukashuka Monaco, stesheni iliyochimbwa ndani ya mlima. Nikafuata umati hadi Rocher, kilima chenye kasri. Huko hakuna viti. Unatafuta pa kukaa kwenye mteremko, bandari yote iko chini yako. Ilikuwa Jumamosi, 27 Mei 2023, siku ya madereva wa langalanga kugombea nafasi za kuanzia.

Barabara ya mbio huioni yote. Kona ya Casino huioni, handaki huioni. Unaona kipande cha mwisho tu: kona za bwawa la kuogelea, kisha kona ya Rascasse. Asubuhi niliona nimepunjwa. Saa kumi jioni ilipopita nilijua kwamba sikuwa na haja ya pengine popote.

Kwenye bwawa, gari halipunguzi mwendo kama unavyotarajia. Linarushwa kushoto, linarushwa kulia, tumbo linakwaruza lami, na tairi la nyuma linapita karibu na chuma cha kizuizi kiasi kwamba unabana pumzi bila kujua.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kihispania aliyevaa kofia ya kijani ya Aston Martin. Fernando Alonso, dereva Mhispania wa timu hiyo, mwenye miaka 41, alikuwa hajaanza wa kwanza tangu 2012. Alipomaliza mzunguko wake kwa dakika 1 na sekunde 11.449, akampiku Charles Leclerc, kijana wa hapo hapo Monaco, mzee alinishika mkono akaung'ang'ania. Ulikuwa mzunguko safi kabisa, na kwangu mimi ndio uliokuwa mzuri kuliko yote siku ile.

Aliyebaki barabarani ni dereva Max Verstappen. Vipande viwili vya kwanza, kati ya vitatu vya mzunguko, vilimkuta nyuma ya Alonso kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Monaco, pengo hilo hulifuti kwenye kipande kilichobaki. Ni kifupi mno. Yeye akalifuta. Alikuja bwawani kama mtu asiyeona ukuta, akagusa vizuizi zaidi ya mara moja, gari likatikisika, mguu haukutoka kwenye mafuta. Dakika 1, sekunde 11.365: sekunde 0.084 mbele ya Alonso.

Watu hawakushangilia mara moja. Kwanza zilisikika pumzi.

Mzee aliuachia mkono wangu. Sikuwa na la kumwambia. Alonso hakukosea popote. Verstappen ndiye aliyekubali kupoteza gari zima kwa ajili ya ile nafasi, na katika mji ambao kupita mtu siku ya mbio ni kama haiwezekani, hesabu yake ilikuwa sahihi. Kesho yake walimaliza hivyo hivyo, wa kwanza na wa pili.

Jioni barabara ilifunguliwa, watu wakatembea. Nilisimama kwenye mstari wa kumalizia nikapiga hesabu: kilomita 3.337 kwa muda ule, sekunde 0.084 ni kama mita nne. Nikazipima kwa miguu. Hatua tano, nami ningali ndani ya urefu wa gari moja.